Mbwa kwenye safari ndefu ya gari: mmeuliza, tunajibu

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu jambo moja: kuvuka nchi kwa gari, siku tatu, nne au zaidi, na mbwa ndani. Tumezipanga kadiri safari yenyewe inavyokwenda, kuanzia wiki za maandalizi mpaka kulala ugenini. Mtaona tunarudi mara kwa mara kwenye neno moja, kwamba gari likiwa mwendoni, mbwa aliyefungwa vizuri hana makuu. Balaa huja gari likisimama.

SWALI: Ndugu wahariri, mbwa wetu ana miaka minne, na gari analijua kwa kupelekwa kwa daktari tu. Tumepanga kwenda kilomita 2,400 kwa siku nne. Tuanze kumwandaa lini, na ratiba hii inabebeka? (Baba wa watoto watatu na mbwa mmoja)

JIBU: Anzeni wiki sita kabla, maana mna kazi ya kufuta kabla ya ile ya kufundisha. Kwa mbwa wenu gari maana yake ni sindano. Siku za mwanzo mlisheni ndani ya gari lililozimwa, milango wazi, bila kwenda popote. Akimaliza bakuli anashuka mwenyewe. Akianza kupanda bila kubembelezwa, washeni injini wakati anakula. Kisha zungukeni dakika tano na mwishie mahali anapopapenda, uwanjani au kwa mbwa mwenzake, mradi si kwa daktari. Ongezeni hadi nusu saa, saa moja, saa mbili. Siku akitetemeka na kukataa hata kipande cha nyama, mmekwenda mbio. Rudini hatua moja nyuma mkae hapo siku mbili tatu. Mbwa anayekula ndani ya gari ametulia, na hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote.

Ratiba sasa. Kilomita 2,400 kwa siku nne ni 600 kwa siku. Kwa mwendo wa wastani wa 80 kwa saa, hizo ni saa saba na nusu za usukani. Wekeni vituo vya dakika 20 kila baada ya saa mbili, kimoja kikiwa kirefu cha mchana, na mmepita saa tisa barabarani hata kabla ya foleni na mtoto anayetaka chooni. Inabebeka, lakini kwa kubana meno. Sisi tungeongeza siku ya tano: kilomita 480, saa sita za usukani, na mbwa anapata matembezi ya maana asubuhi na jioni. Kama siku hiyo haipatikani, fanyeni siku ya kwanza iwe fupi kuliko zote. Wengi hufupisha ya mwisho, ilhali ya kwanza ndiyo mbwa anahangaika zaidi, na ndiyo mnayogundua kilichosahaulika nyumbani.

Kwa daktari wa mifugo pitieni wiki nne kabla kwa ajili ya chanjo, dawa ya minyoo, kinga ya kupe na viroboto, na kukagua kama chipu, kile kidude chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, inasomeka. Msingoje siku ya mwisho, kwa sababu chanjo huweza kumlegeza mbwa siku moja au mbili.

SWALI: Nina mbwa wa kilo 28. Nimeuziwa mkanda mfupi unaochomekwa kwenye kifungio cha mkanda wa kiti, na upande wa pili unashikizwa kwenye kola. Unatosha, au ninunue kizimba cha kuweka kwenye buti? (Dereva mwangalifu)

JIBU: Mkanda huo usiushikize kwenye kola hata siku moja. Piga hesabu: gari la kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo kinasukumwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake. Kilo 28 zinakuwa zaidi ya nusu tani, na zote zinaning'inia shingoni. Ushikize kwenye hanesi, ile inayovaliwa kifuani, yenye utepe mpana na pete ya chuma mgongoni. Hanesi za matembezi zenye vifungo vya plastiki hazikutengenezwa kwa ajili ya ajali. Tafuta iliyojaribiwa kwa kugongeshwa, na muuzaji aweze kukuonyesha matokeo. Urefu wa mkanda uwe wa kumwezesha kukaa na kulala, bila kufika kati ya viti vya mbele. Ukiwa mrefu, mbwa anapata kasi kabla ya kukatizwa, na safari nzima atakuwa anajizongesha miguu.

Kiti cha mbele kiondoe kwenye mawazo. Mfuko wa hewa, ule unaofutuka ghafla gari likigonga, umetengenezwa kumpokea mtu mzima aliyeketi wima. Mbwa aliyekaa karibu na dashibodi unampiga kichwani au kifuani.

Kwa uzito wa mbwa wako, kizimba ni bora zaidi kama buti inatosha. Pima kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia, ongeza nusu ya urefu wa mguu wa mbele kutoka kiwiko hadi chini. Mbwa wa sentimita 80 mwenye mguu wa sentimita 30 anahitaji kizimba cha sentimita 95. Upana ni mara mbili ya upana wa mabega, na kimo ni cha mbwa akiwa amesimama wima, masikio yakihesabiwa. Hicho ni kipimo cha safari za ndege. Kwenye gari upana unaweza kupunguzwa kidogo, mradi ageuke na kulala bila shida, kwa sababu ukuta ukiwa karibu harushwi mbali breki zikikanyagwa.

Kosa la kawaida liko kwenye kufunga. Kizimba kisukume kiguse mgongo wa kiti cha nyuma, kisha ukikaze kwa mikanda ya mizigo kwenye zile pete za chuma zilizo sakafuni mwa buti. Kamba za mpira zenye kulabu hazifai. Zinavutika, kizimba kinatangulia mbele halafu kinarudi kwa kishindo. Halafu jaribu kumtoa mbwa bila kushusha mizigo. Ukishindwa ukiwa nyumbani, utashindwa pia gari likiwa limegongwa kwa nyuma na buti haifunguki. Ndiyo maana kizimba chenye mlango wa pili unaotazama kiti cha nyuma kina thamani kuliko kinavyoonekana.

Na wawili mliouliza kuhusu kumweka nyuma ya pikapu: hapana, hata akifungwa. Bati huungua juani, vumbi na mawe madogo humwingia machoni, na kamba inayomruhusu kufika ukingoni ni kamba ya kumnyonga akiruka.

SWALI: Mbwa wangu wa miezi tisa anaanza kutoa udenda tukiondoka, baada ya nusu saa anatapika. Safari ni ya siku tatu. Nifanyeje? (Mama mwenye taulo nyingi)

JIBU: Kwanza tazama udenda unaanza lini. Ukianza kabla ya injini kuwashwa, mara anapoona ufunguo au mlango wa gari, hiyo ni hofu, na tiba yake ni yale mazoezi ya jibu la kwanza. Ukianza barabarani, hasa kwenye kona na breki za mara kwa mara, basi ni kichefuchefu cha mwendo: sikio la ndani linasema tunasogea, macho yanaona kiti kilichosimama tuli, na ubongo unavurugika. Mbwa wachanga huugua zaidi na wengi huacha wakikua. Wengine wana vyote viwili, maana aliyetapika garini mara tano hujifunza kuliogopa gari.

Chakula cha mwisho kiwe saa tatu hadi nne kabla ya kuondoka, tena kidogo. Tumbo tupu kabisa nalo halisaidii. Wapo wanaotapika nyongo ya manjano kwa njaa. Ziba vioo vya pembeni karibu naye kwa kitambaa, aone mbele tu au asione kabisa. Shusha kioo sentimita mbili tatu hewa ipite, na ufunge swichi za vioo kutoka mlango wa dereva, kwa sababu ukucha unaokanyaga swichi hufungua kioo chote au hukipandisha shingoni mwake. Dereva naye ana sehemu yake: aanze kupunguza mwendo mapema na asikate kona kama anayefukuzwa.

Hayo yasipotosha, mwulize daktari kuhusu maropitanti. Ni dawa ya kuzuia kutapika, haimlazi mbwa. Hutolewa angalau saa mbili kabla ya safari pamoja na tonge dogo la chakula, si mlo kamili. Mambo mawili hukosewa. Dozi ya kichefuchefu cha safari ni kubwa kuliko ile ya kutapika kwa ugonjwa, kwa hiyo vidonge vilivyobaki kabatini vitakudanganya. Pili, kwa dozi hiyo ya safari maelekezo huruhusu siku mbili mfululizo, nawe una tatu. Kaa na ramani kabla ya kwenda kwa daktari: siku za milima na kona ndizo zipewe dawa, ya barabara iliyonyooka aivumilie kwa njia nyingine.

Akishatapika, simama. Mpe maji kidogo kidogo, chakula kingoje saa kadhaa. Matandiko yafue kwa sabuni yenye vimeng'enya, na kaa mbali na dawa za kusafishia zenye amonia. Kwa pua ya mbwa zinanuka kama mkojo, na zinamwambia kwamba hapa ni mahali pa kujisaidia.

SWALI: Jirani anasema nimpe mbwa kidonge cha usingizi alale njia nzima. Ni salama?

JIBU: Hapana, na cha binadamu ndiyo kabisa. Hata ile dawa ya zamani ya kulegeza mbwa, asepromazini, siku hizi haipendelewi kwa safari. Inashusha shinikizo la damu, inavuruga uwezo wa mwili kudhibiti joto, na inalegeza misuli zaidi ya inavyopunguza hofu. Mbwa anaogopa vilevile, ila hawezi kuonyesha. Hatari huzidi kwa wenye pua bapa kama buldogi na pagi, ambao hata wakiwa macho wanapumua kwa taabu. Kama hofu ni kubwa, daktari anazo dawa za kutuliza wasiwasi kama trazodoni au gabapentini. Sharti letu ni moja: ijaribiwe nyumbani siku ya mapumziko kabla ya safari. Barabarani si mahali pa kugundua kwamba mbwa wako ni mmoja wa wale wanaochangamka badala ya kutulia.

SWALI: Tukisimama kula, naweza kumwacha mbwa garini dakika kumi vioo vikiwa wazi kidogo? Na je, nikiacha kiyoyozi kinafanya kazi? (Msafiri wa kudumu)

JIBU: Kama kuna barua moja ya kukata na kubandika kwenye dashibodi, ni hii. Nje kukiwa na nyuzi 24, hali ya hewa ambayo wewe unaiita nzuri, ndani ya gari lililofungwa juani hufika takriban nyuzi 34 kwa dakika kumi na 43 kwa nusu saa. Mwanga wa jua unapita kwenye kioo, unapasha dashibodi na viti, na joto vinalorudisha halipati pa kutokea. Kushusha vioo vidole viwili hakubadilishi sana hesabu hiyo. Kivuli nacho kinahama. Ulichokiacha ukiagiza chakula si utakachokikuta ukilipa.

Mbwa hana jasho la kumpoza isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Anapoza mwili kwa kutweta, yaani kuvukiza maji kwenye ulimi na njia ya hewa. Hewa ya ndani ikishakuwa moto na yenye unyevu wa pumzi zake mwenyewe, kutweta kunaacha kupoza na kunazalisha joto zaidi. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika.

Kuhusu kiyoyozi: magari mengi ya kisasa huzima injini yenyewe baada ya muda fulani gari likisimama, na hayakupigii simu kukuarifu. Gari la zamani linaweza kuzimika kwa kuchemka. Na mbwa anayerukaruka kwenye kiti cha dereva ana miguu minne ya kubonyeza vitu. Kuleni kwa zamu. Mmoja anakaa na mbwa nje kivulini, mwingine anaingia. Ukiwa peke yako, nunua chakula cha kubeba.

Dalili za joto kuzidi ni kutweta kwa kelele kusikokoma, udenda mzito, fizi nyekundu sana, kuyumba, kutapika, kisha kulegea. Usisubiri zote. Mtoe kivulini, mmwagie mwili mzima maji ya kawaida, tumboni na mapajani pia, na umpepee kwa chochote ulicho nacho. Upepo juu ya manyoya mabichi ndio unaopoza. Usimfunike taulo lililoloa ukaliacha, maana dakika chache baadaye limepata moto na limekuwa blanketi. Maji ya kunywa mwekee, usimlazimishe. Pima joto kwa kipimajoto njia ya haja kubwa kila dakika chache, na likishuka hadi karibu 39.5 acha kumwagia, maana mwili unaendelea kushuka wenyewe. Baada ya hapo nenda kwa daktari hata kama amesimama na kutikisa mkia. Figo na mfumo wa kugandisha damu huweza kuharibika siku moja hadi tatu baadaye.

Ukimshusha mchana, weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami. Ukishindwa kuvumilia sekunde saba, mbwa atembee majanini.

SWALI: Tubebe maji na chakula kiasi gani? Safari iliyopita mbwa wetu wa kilo 25 aliharisha siku ya pili. (Familia ya watu wanne)

JIBU: Maji ni mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa kilo 25 hiyo ni lita moja na robo hadi lita moja na nusu, na siku ya joto kali zidisheni mara mbili. Bebeni lita tatu kwa kila siku mnayotarajia kuwa mbali na maji safi, na akiba ya siku moja. Mpeni kila kituo kama mililita 200. Mbwa aliyenyimwa maji nusu siku halafu akawekewa lita nzima hunywa kama bomba na kutapika yote.

Chakula chukueni kilekile anachokula nyumbani, cha siku zote za safari na tatu za ziada. Akila gramu 400 kwa siku, safari ya siku tano ni kilo 3.2. Kuharisha siku ya pili mara nyingi kunatokana na chakula kilichobadilishwa njiani, masalia ya mezani, maji mapya na wasiwasi, vyote kwa pamoja. Mlo mkubwa uwe jioni baada ya kufika na kupumzika, asubuhi robo tu. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu wasile wakashiba halafu wakimbizwe. Mkiona mmoja anajaribu kutapika bila kutoa kitu, tumbo limejaa na hatulii, tumbo lake huenda limejisokota. Hiyo ni dharura ya saa chache, acheni kila kitu mtafute daktari.

Kuharisha kwa kawaida: punguzeni chakula, mpeni wali laini na kuku wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, mafungu madogo manne kwa siku. Damu, kutapika juu yake, au kulegea ni kazi ya daktari. Vidonge vya binadamu vya kufunga tumbo viacheni. Loperamidi ni hatari kwa mbwa wengi wa ukoo wa koli, na ibuprofeni na parasetamoli zinaua. Angalieni pia mfuko wa mtoto: chingamu yenye zailitoli (kitamu kinachotumika badala ya sukari), zabibu kavu na chokoleti ni sumu, na mbwa hufungua zipu vizuri kuliko mnavyodhani.

SWALI: Mbwa wangu aliwahi kuchomoka mlango ulipofunguliwa kituo cha mafuta. Nilimpata, lakini sasa naogopa kusimama. (Aliyeponea chupuchupu)

JIBU: Woga wako una msingi. Mahali pageni, magari yanapita, mbwa amekaa saa mbili na ana nguvu za kutumia, na mtu anafungua mlango akiwaza choo. Unachohitaji ni utaratibu usiobadilika. Injini izimwe. Milango yote ibaki imefungwa. Mtu mmoja aliye ndani ashike kamba na kuifunga kwenye hanesi wakati mkanda wa gari bado umeshika. Avute kamba kuhakikisha imeshika, ajizungushe kitanzi chake kwenye kifundo cha mkono, ndipo afungue mkanda, na mlango uwe wa mwisho. Ukiwa peke yako, ingia kiti cha nyuma na ufunge mlango nyuma yako kabla ya kugusa kifungo chochote. Mfundishe neno la kungoja: mlango unafunguka, yeye anabaki hadi aambiwe. Likifundishwa kwa wiki sita zile za maandalizi linakuwa tabia.

Chagua pa kusimama pia. Mafuta jaza mbwa akiwa amefungwa ndani na mtu yuko naye, kisha endesha mbele utafute mahali penye nafasi, mbali na pampu. Sakafu ya kituo cha mafuta ina dizeli na mafuta machafu anayoyalamba akijisafisha nyayo. Kizibo cha maji ya kupozea injini pia ukitazame: kimiminika hicho kina ladha tamu, na kiasi kidogo tu kinaua figo za mbwa.

Akitoroka, usimfukuze, ukikimbia nyuma yake anaona ni mchezo au anaona unamwinda. Chuchumaa, mwonyeshe ubavu, itikise bakuli au mfuko wa chakula. Akipotea machoni, acha pale pale nguo uliyoivaa na tandiko lake, kwa sababu wengi hurudi walipoachana na watu wao. Kibati cha kola kiwe na namba ya simu unayobeba safarini, si ya mezani nyumbani, na taarifa za chipu zihakikiwe kabla ya kuondoka. Chipu iliyosajiliwa kwa namba ya simu ya zamani haimrudishi mbwa. Simuni uwe na picha mbili: ya uso, na ya ubavu mzima inayoonyesha mabaka.

SWALI: Mbwa wetu wawili wanapendana nyumbani lakini garini wananguruma. Kwa nini?

JIBU: Nyumbani aliyechoka na mwenzake anaondoka. Garini hawezi, na kona moja ikimtupa mmoja juu ya mwingine inatosha. Watenganishe kwa vizimba viwili au kizuizi imara, wasigusane, na kitambaa katikati kama wanakodoleana. Usiwape mfupa wala kitu cha kutafuna wakiwa pamoja. Wakati wa kushuka, mmoja mmoja.

SWALI: Ana miaka 12 na viungo vinamuuma. Tumwache?

JIBU: Si lazima. Kinachomuumiza zaidi ni kuruka chini kutoka kwenye buti, kwani uzito wote unaangukia viwiko na mabega. Ubao wa kupandia wa sentimita 180 kwenye buti ya sentimita 60 unatoa mteremko wa nyuzi kama 20, anaouweza. Ubao wa sentimita 120 unatoa 30, nao ataukataa. Uso wake uwe wa kukwaruza, na mfundisheni kwanza ukiwa umelazwa chini kabisa. Godoro la sifongo ngumu la sentimita nane linatosha. Laini mno linamzamisha na kumtaabisha kunyanyuka. Kwake simameni kila saa moja na nusu, dakika kumi za kutembea polepole, maana kulala mkao mmoja ndiko kunakokaza viungo. Dawa zake ziwe kwenye mfuko wa mbele, na ya kutosha siku tano zaidi ya safari.

SWALI: Tutavuka mipaka miwili. Karatasi gani zinatakiwa? (Wenye haraka)

JIBU: Haraka ndiyo adui hapa. Mpangilio kwanza: chipu iwekwe kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa, au siku hiyohiyo. Chanjo iliyotangulia chipu nchi nyingi hazihesabu, hata kama kadi ina mihuri kumi, kwa sababu hakuna kinachothibitisha kwamba aliyechanjwa ni huyu. Chipu ya kiwango cha kimataifa ina tarakimu 15. Hakikisheni zimenakiliwa sawa kwenye kila karatasi, maana tarakimu moja iliyokosewa hurudisha watu walikotoka. Baada ya chanjo ya kwanza, nchi nyingi hudai siku 21 zipite.

Kwingine hutakiwa pia kipimo cha damu kuonyesha kinga imefika angalau uniti 0.5 kwa mililita. Umoja wa Ulaya, kwa mbwa anayetoka nchi isiyo kwenye orodha yake, hutaka damu itolewe siku 30 au zaidi baada ya chanjo, na kisha miezi mitatu ipite tangu damu ilipochukuliwa. Jumlisheni: ni angalau kama miezi minne. Uingereza, Ayalandi, Finland, Malta na Norwe zinaongeza dawa ya tegu, ikitolewa na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, na saa ikiandikwa. Cheti cha afya nacho huwa na uhai mfupi, mara nyingi siku kumi, kwa hiyo hakitafutwi mapema.

Watu husahau nchi ya katikati. Hata kama mnaipita kwa saa nne tu, sheria zake zinawahusu. Andikeni kwa idara ya mifugo ya kila nchi iliyo njiani, mpate jibu la maandishi, mlibebe.

SWALI: Kulala nyumba ya wageni na mbwa kuna siri gani?

JIBU: Pigeni simu kabla, mtaje uzito na idadi, "tunapokea mbwa" mara nyingi ina maana ya mbwa mmoja mdogo. Ombeni chumba cha chini, mwisho wa ukumbi, asisikie kila mguu unaopita. Kabla hajaingia, mmoja wenu akague chini ya kitanda na nyuma ya kabati, kwa sababu sumu ya panya huwekwa huko. Tandiko lake lisifuliwe kabla ya safari, harufu ya nyumbani ndiyo inayomlaza. Msimwache peke yake chumbani usiku wa kwanza.

Kabla ya kuzima taa, mpapaseni mwili mzima mkitafuta kupe: ndani ya masikio, chini ya kola, makwapani, kati ya vidole, kinenani. Mkimkuta, mshikeni kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvuteni moja kwa moja kwa nguvu ya taratibu bila kumsokota wala kumkamua. Mafuta ya taa na kiberiti viacheni. Kupe anayeunguzwa huweza kutema mate yenye vijidudu jerahani kabla ya kuachia. Mtieni kwenye kichupa kidogo cha spiriti, na muandike tarehe juu yake. Mbwa akipata homa wiki mbili tatu baadaye, daktari atakiulizia kichupa hicho.